Si Mlevi, Sukari Imemshuka: Habari za Kisukari kwa Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Msomaji na afikiri habari ya mtu mzima asimamaye katika msongamano wa kivuko cha Likoni saa kumi na moja unusu za jioni. Ametoka kazini Kilindini, jua limempiga, na tangu asubuhi hakula ila andazi moja, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi na nafasi ya kula haikupatikana. Ghafula jasho la baridi lamtoka, mikono yamtetemeka, maneno yampotea kinywani, na miguu yake haimtii tena. Watu walio karibu naye wajitenga. Mmoja asema, "Huyu kalewa," na mwingine ashika mfuko wake asije akaibiwa. Kumbe mtu huyo hajaonja pombe maishani mwake. Ana ugonjwa wa kisukari. Asubuhi alipata dawa yake kama alivyoagizwa na daktari, na sasa sukari iliyo katika damu yake imeshuka mno. Vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari, vilivyokorogwa katika nusu kikombe cha maji, vingeweza kumrudishia fahamu zake kwa muda wa robo saa. Akivikosa aweza kuanguka pale pale, na pale ni ukingoni mwa maji.

Habari hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mtu mmoja maalumu. Ni jambo liwezalo kumpata yeyote atumiaye sindano za insulini, au vidonge vya namna fulani vya kushusha sukari, akiwa hakula kwa wakati wake. Basi ni mambo mawili ambayo wakaao bara ya Mombasa yawapasa kuyajua. La kwanza ni namna mwenye kisukari awezavyo kuishi vizuri, akafanya kazi na kulea watoto wake miaka mingi. La pili ni kwamba hawezi kuyatimiza hayo peke yake ikiwa jirani zake, wenziwe wa kazini na watu wa nyumbani mwake hawaujui ugonjwa wake.

Kisukari ni nini? Kila alacho mtu chenye wanga, kama sima, wali, muhogo, mkate au viazi, hugeuka tumboni kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Damu huichukua mwilini kote, kwa maana ndiyo nguvu ya kufanyia kazi. Lakini haiwezi kutoka katika damu na kuingia katika nyama ya mwili bila ya msaada wa kitu kiitwacho insulini, ambacho hutengenezwa na kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo. Watu wa Changamwe na Kipevu, ambao huiona bandari kila siku, watalifahamu jambo hili upesi. Ikiwa meli zashusha shehena usiku na mchana, na hapana makuli wala magari ya kuichukua mpaka ghalani, shehena itarundikana gatini, na mjini watu watakaa na njaa. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kisukari: damu yake imejaa sukari, na mwili wake walia njaa. Kwa hiyo hukonda ingawa ala sana. Figo nazo hujitahidi kuitoa sukari iliyozidi kwa njia ya mkojo, naye akakojoa mara nyingi, na kwa kukojoa sana akashikwa na kiu isiyokwisha. Sisimizi wakikusanyika mahali alipokojoa mtu, sababu yake yaweza kuwa sukari hiyo hiyo.

Ziko namna mbili zilizo kubwa. Katika namna ya kwanza kongosho huacha kabisa kutengeneza insulini. Aghalabu huwapata watoto na vijana, ingawa watu wazima pia hawakusalimika, na mgonjwa hawezi kuishi bila ya sindano. Namna ya pili ndiyo iliyo nyingi zaidi. Insulini ipo, lakini haitoshi, au mwili hauitii. Hii humjia mtu polepole, hasa aliyenenepa kiunoni, asiyetembea, au ambaye wazazi wake walikuwa nayo. Tena wako wanawake wapatao kisukari wakati wa mimba tu. Kikiisha baada ya kujifungua wasidhani kwamba wamekwisha kuokoka, bali yawapasa kupimwa mara kwa mara, kwa maana hatari ya kupata namna ya pili baadaye ni kubwa kwao kuliko kwa wanawake wengine.

Zamani namna ya kwanza ilikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walifanikiwa kuitoa insulini katika kongosho za wanyama, na mwezi wa Januari 1922 mvulana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa dawa hiyo. Alikuwa amekonda hata karibu ya kufa, naye akaishi miaka 13 zaidi. Siku ya kuzaliwa Banting, tarehe 14 Novemba, ndiyo iliyofanywa kuwa Siku ya Kisukari Duniani tangu mwaka 1991, na alama yake ni duara la rangi ya buluu.

Huku Afrika ya Mashariki madaktari wa zamani waliuhesabu ugonjwa huu kuwa ni nadra. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akafanya kazi Uganda miaka mingi, aliandika kwamba magonjwa ya namna hii yalionekana kwa uchache sana miongoni mwa Waafrika wa siku zile, naye akashika shauri ya kwamba chakula chao chenye makapi mengi kiliwakinga. Nadra hiyo imekwisha. Mwaka 2024 watu wazima waliokuwa na kisukari duniani walikadiriwa kuwa milioni 589. Na hapa Kenya, uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima wawili hivi katika kila mia walikuwa na sukari iliyozidi. Hesabu hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini uchunguzi huo huo ulionyesha jambo jingine lililo zito zaidi, yaani karibu watu tisa katika kila kumi hawakuwa wamepimwa sukari hata mara moja katika maisha yao.

Sababu za mabadiliko haya hazihitaji kutafutwa mbali. Kazi ambazo zamani zilifanywa kwa mabega, siku hizi zafanywa kwa mashine. Mtu wa Mtongwe au wa Mjambere ambaye babu yake alikwenda kwa miguu kila mahali, yeye hupanda bodaboda hata kwa safari ya dakika kumi. Soda, iliyokuwa kitu cha sikukuu, imekuwa kinywaji cha kila siku. Na chupa ya mililita 300 yaweza kuwa na gramu 30 za sukari au zaidi, ndivyo vijiko vya chai saba au vinane. Pengine ni vigumu kumkuta mtu atiaye vijiko vinane katika kikombe kimoja cha chai, hata hapa Pwani, ambapo chai isiyo tamu huhesabiwa kuwa dharau kwa mgeni.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja lisemwalo sana mitaani. Watu husema kwamba fulani ana "sukari ya kupanda" na fulani ana "sukari ya kushuka," kana kwamba ni magonjwa mawili. Sivyo. Ugonjwa ni mmoja, nao ni wa sukari kupanda. Kushuka, kwa aghalabu ya wagonjwa, huletwa na dawa: ama dawa ilizidi, ama chakula kilichelewa, ama mtu alifanya kazi ngumu kuliko desturi yake. Vidonge viitwavyo metformini, ambavyo wagonjwa wengi huanzishwa navyo, vikitumiwa peke yake ni mara chache sana kumshusha mtu. Lakini insulini, na vidonge kama glibenklamidi, vyaweza. Basi kila mgonjwa na amwulize daktari wake, "Dawa hii yaweza kunishusha?" na jibu lake alijue pia mkewe, au mumewe, na watoto waliofikia umri wa kufahamu.

Dalili za kushuka ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafula, ukali usio na sababu, na kuchanganyikiwa maneno. Mgonjwa ambaye sukari yake ni chini ya milimoli 4 kwa lita amekwisha kufika mahali pa kutibiwa. Apewe kitu kitamu kiingiacho katika damu upesi, kama sukari katika maji, soda ya kawaida au sharubati. Soda isiyo na sukari haifai kitu hapo, wala andazi au nyama haitoshi, kwa kuwa mafuta hukawiza kazi. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na kama bado hajapata nafuu apewe mara ya pili, kisha ale mkate au chakula kingine cha kumshikilia. Akiwa amezimia, asimiminiwe chochote kinywani, maana kitaingia katika mapafu. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali. Na ajuaye kwamba ana kisukari, naye hunywa mnazi au pombe nyingine, ajue kwamba amejiongezea hatari mara mbili: pombe hulizuia ini lisitoe sukari yake ya akiba, na harufu ya kinywa chake itawafanya watu wamwache alale barazani wakidhani atalevuka.

Sukari ikipanda sana huwa na hatari yake vile vile, ingawa yaja polepole. Mtu mwenye kutapika, kuumwa na tumbo, kuvuta pumzi nzito za haraka, na kinywa chake kutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, asingoje mpaka asubuhi. Mara nyingi mtu wa namna hiyo, hasa kijana aliyekonda ghafula, hupelekwa kwanza kutazamiwa kama amelogwa au ameingiwa na jini. Hapana haja ya kugombana na wazee juu ya mambo hayo; apimwe sukari kwanza, kazi ya dakika moja, kisha mengine yafuate.

Sasa yaja mambo ya chakula, na hapa ndipo penye shida halisi, kwa sababu chakula si dawa ya kunywa mtu peke yake chumbani. Wengi huambiwa, "Usile sukari," wakarudi nyumbani na kuacha kutia sukari katika chai, huku waendelea kula sahani mbili za wali wa nazi. Wengine huambiwa wale sima ya wimbi peke yake, wakala kwa wingi wakidhani haina neno. Wanga wowote hugeuka kuwa sukari. Jambo kubwa ni kadiri yake. Kipimo chepesi ni sahani yenyewe. Nusu yake iwe mboga za majani au mboga nyingine zisizo za wanga, kama mchicha, bamia, kabeji na mabiringani. Robo iwe samaki, kuku, mbaazi au kunde. Na robo iliyobaki tu iwe wali, sima, chapati au muhogo. Mboga hizo hupatikana kwa wingi katika soko la Kongowea, na samaki si mgeni kwa watu wa Pwani. Kwa hiyo si kweli kwamba chakula cha mwenye kisukari ni chakula cha tajiri. Soda na biskuti ndizo zilazo fedha.

Lakini vipi mtu atapima robo ya sahani, naye ala katika sinia pamoja na watu watano? Kila mmoja huchota mbele yake, na hapana ajuaye amekula kiasi gani. Zaidi ya hayo, mgeni hukaribishwa na kuhimizwa, na kukataa ni kama kumtukana mwenye nyumba. Arusini pilau na halua, matangani wali, asubuhi mahamri na mbaazi. Dawa ya shida hii ni kusema mapema. Mgonjwa amwambie mpishi au mwenye shughuli kabla ya siku yenyewe kwamba ana sukari, na apakuliwe sahani yake mbali. Mara nyingi mwenye shughuli hufurahi kwa kuambiwa, kwani aonalo baya ni mgeni kuacha chakula bila ya sababu. Na katika nyumba, mke wa mgonjwa asipike vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha watoto. Chakula kimfaacho mwenye kisukari chawafaa wote waliomo nyumbani, tena watoto wake ndio walio karibu zaidi na ugonjwa ule kwa damu. Mume naye, ikiwa mgonjwa ni mkewe, asiulize kwa nini tui limepungua katika mchuzi.

Juu ya Ramadhani, watu wengi wa Likoni na Kisauni hufunga, na wenye kisukari huona haya kuonekana wanakula. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na hilo masheikh walifundisha tangu zamani. Wako wagonjwa wawezao kufunga bila ya madhara, na wako ambao kufunga kwaweza kuwaua, hasa wenye namna ya kwanza, wenye figo mbovu, wajawazito, na walioshushwa na dawa hivi karibuni. Kwa hiyo aendaye kufunga na amwone daktari mwezi mmoja na nusu au miwili kabla ya mfungo, kwa maana saa za dawa na kadiri yake hubadilishwa. Asiache daku, tena aicheleweshe. Kupima sukari kwa kuchomwa kidole hakubatilishi saumu, kama walivyosema maulamaa wengi. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9, au ikipanda kupita 16.6, afungue papo hapo, hata ikiwa adhana imebakiza nusu saa. Na futari isiwe karamu ya kaimati, viazi vya nazi na maji ya matunda kwa pamoja; tende moja au mbili na maji zatosha kwa kuanzia.

Mwenye kutumia insulini Mombasa ana taabu ambayo mwenziwe wa Limuru hana, nayo ni joto. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, wala isigande kuwa barafu, kwa maana ikiganda imekufa. Iliyofunguliwa aghalabu yaweza kukaa nje kwa majuma manne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kwa kufuata karatasi iliyomo pakitini. Sasa miezi ya Februari na Machi joto la mchana hapa hupita nyuzi 30, na chini ya paa la mabati hupita zaidi. Nyumba nyingi hazina friji, na zilizo nayo hukatikiwa na umeme. Wengi hutumia mtungi wa udongo: chupa hutiwa katika mkebe mkavu wenye kifuniko, mkebe ukawekwa ndani ya mtungi mdogo, na mtungi mdogo ndani ya mkubwa wenye mchanga uliotiwa maji, mahali penye kivuli na upepo. Njia hii hupunguza joto kwa kweli. Ni haki kusema, walakini, kwamba hewa ya Pwani ni nzito kwa unyevu, na kwa hiyo mtungi haupozi hapa kama upozavyo katika nchi kavu za bara. Afadhali chupa za akiba ziwekwe kwa jirani mwenye friji au katika zahanati, na ile moja itumikayo ndiyo ikae mtunginini mwa nyumbani. Kuiacha katika gari, au mfukoni mwa suruali katika foleni ya kivuko, ni kuiharibu. Nayo ikiharibika si lazima igeuke rangi, bali mgonjwa huona tu kwamba sukari haishuki.

Wengine huacha dawa za hospitali wakashika maji ya mwarobaini. Mwarobaini ni chungu, na watu huwaza kwamba uchungu hufuta utamu. Lakini damu haina ulimi. Atakaye kunywa mitishamba na amwambie daktari wake, wala asiache dawa yake kwa ajili hiyo. Na mwenye namna ya kwanza akiacha insulini hata kwa siku chache, uhai wake u hatarini.

Baada ya miaka, sukari iliyozidi huharibu mishipa midogo ya macho na ya figo, na kuzidisha hatari ya moyo na ya kupooza. Humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Wanaume wengine hupungukiwa na nguvu za unyumba, wakanyamaza kwa aibu na kununua dawa za vichochoroni, ilhali daktari aweza kuwasaidia. Macho yapimwe kila mwaka, hata yakiwa yaona vizuri, kwa sababu madhara ya ndani ya jicho huanza kabla ya mtu kuona giza.

Lakini kiungo ambacho watu wa Pwani yawapasa kukiangalia kuliko vyote ni mguu. Kisukari huua hisia za nyayo. Mtu akanyaga msumari asijue, akatembea nao kutwa, na jioni ndipo mtoto amwonyesha damu katika kandambili. Na damu isiyofika vizuri miguuni haiponyi kidonda. Hivyo ndivyo kidonda kidogo kama punje ya mtama kiwezavyo kumfikisha mtu mahali pa kukatwa mguu. Desturi za hapa zina hatari zake. Kutembea bila ya viatu ufukoni saa za mchana, mchanga uunguza na matumbawe yakata. Msikitini mtu huvua viatu, akatembea juu ya saruji yenye moto kutoka mahali pa kutawadhia mpaka mlangoni. Mwenye ganzi aweza kuungua asione kitu. Basi na awe na viatu vyepesi vya kumfikisha mpaka mlangoni penyewe. Kila usiku aitazame miguu yake juu na chini, kwa kioo au kwa macho ya mtoto. Aioshe, aikaushe katikati ya vidole, na kuipaka mafuta, ila si katikati ya vidole. Viatu avikung'ute kabla ya kuvaa. Sugu asizikate kwa wembe. Na kidonda chochote, hata kisichouma, kionekane na daktari katika siku mbili tatu. Kisitiwe majivu wala kungojewa kikauke. Kutouma kwake ndiko kubaya.

Yabaki habari ya kujificha. Wengi huficha ugonjwa wao kazini kwa hofu ya kufukuzwa, na vijana huuficha kwa hofu ya kukosa mchumba. Walinzi wa usiku wa Bamburi na Shanzu, makuli wa bandarini, madereva wa matatu, wanawake wauzao viazi karai barabarani, wote wana saa za kazi zisizolingana na saa za dawa, na kila mmoja hujipatia njia yake kwa siri. Lakini yule mtu wa kivukoni aliponea wapi, ikiwa hapana mwenziwe ajuaye? Mtu mmoja tu kazini akijua, kwamba fulani akianza kutoa jasho na kusema ovyo apewe soda, maisha yameokolewa. Msimamizi akiambiwa, nafasi ya kula robo saa haitamgharimu sana. Mgonjwa achukue mfukoni karatasi ndogo, imeandikwa kwa Kiswahili jina lake, ugonjwa wake, dawa zake, na maneno haya: "Nikionekana kama mlevi, nipe sukari, nikizimia, nipeleke hospitali." Pamoja nayo, pakiti ndogo ya sukari au peremende.

Tena wenye kisukari wenyewe ndio waalimu wazuri kuliko wote. Mama wa Timbwani aliyekaa na sukari kwa miaka mingi, akisimama katika mkutano wa chama chake cha akina mama na kuonyesha sindano yake na mkebe wake, husikilizwa kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani. Baada ya maneno yake huwako mmoja au wawili wamfuatao pembeni na kumwuliza juu ya kiu yao. Mikutano kama hiyo yaweza kufanywa msikitini baada ya sala, kanisani, au katika baraza ya kijiji, na mwezi wa Novemba ndio wakati wake mzuri, ingawa hakuna sababu ya kungoja Novemba.

Kupimwa si kazi ngumu. Hospitali za Port Reitz na Likoni, na Hospitali Kuu ya Pwani kule Makadara kisiwani, hupokea wagonjwa wa kisukari. Na tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa mitaani wapatao laki moja katika nchi yote walipewa mikoba ya vyombo, na kipimo cha sukari kimo ndani yake. Kwa habari ya malipo, bima ya zamani ya NHIF iliondolewa, na tangu Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Asiyejiandikisha na afanye hivyo kabla ya kuugua.

Aendaye kupimwa asile tangu usiku, kwa muda usiopungua saa nane. Maji matupu yaruhusiwa, chai hapana. Sukari ya asubuhi ikiwa milimoli 7 au zaidi, na mtu hana dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine ili kupata hakika. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, bado si kisukari, lakini mtu yu njiani, na kutembea kwa haraka nusu saa kila siku pamoja na kupunguza unene kwaweza kumrudisha nyuma. Aliye na miaka 40 au zaidi, au mwenye mzazi au ndugu mwenye ugonjwa huu, au mama aliyezaa mtoto wa kilo 4 na zaidi, asingoje dalili. Achukue karatasi ya dawa zote azitumiazo, afike mapema kabla ya foleni, na abebe chakula cha kula mara tu kidole kikishachomwa.